Shoga yangu, kuhusu mama kuja kukaa kwenu

Shoga yangu,

Voisi zako zote tatu nimezisikiliza, ile ya mwisho nimeirudia maana ulikuwa unalia. Yani mama kakataa katakata, na mi namwelewa, mtu kakulia kwenye mila kwamba hata kula meza moja na mkwe ni aibu, leo aambiwe akalale kwa mkwe mwenyewe, tena mbunge, getini askari, sebuleni wageni wa jimboni hawaishi, kwanini asiogope jamani?

Basi nikamkumbuka Marian Robinson, mama yake Michelle Obama. Ile 2008 Obama aliposhinda sisi huku tulikuwa na Mama Sarah wa Kogelo tu, yule bibi yake Obama wa Kenya, huyu mkwe wala hatukumtazama. Ila usiku wa matokeo yeye na Obama walikaa kwenye kochi wanaangalia tivii, Obama kamshika mkono mama mkwe wake, mi hiyo picha hainitoki kabisa.

Alikuwa mjane, mumewe Fraser alifanya kazi kwenye mtambo wa maji wa jiji la Chicago huku anaumwa miaka na miaka, akafariki 1991. Yeye alikuwa sekretari benki, akaacha kazi alee wajukuu wakati wa kampeni. Kuambiwa twende Ikulu ya kule, hataki, kazoea kwake South Side, hukohuko Chicago, akasema pale ni kama makumbusho, mtu unalalaje makumbusho? Mpaka kaka yake Michelle, Craig, kaingilia kumbembeleza. Akaenda Januari 2009, akaja kutoka 2017.

Sasa ona alivyokaa. Chumba chake ghorofa ya tatu, juu ya wenzie. Nguo zake anafua mwenyewe, wahudumu wamejaa lakini za kwake hawagusi. Malia alikuwa na miaka 10 na Sasha 7, bibi ndo anawasindikiza shule. Akitaka kwenda dukani anatoka zake, mtu akimwambia mbona umefanana na mama yake Michelle, anajibu eeh naambiwaga sana, anapita. Usiku anawaachia nafasi yao anapanda juu kwake.

Kwa hiyo wewe mpe kile chumba cha uani chenye mlango wake, sio hicho cha ndani ulichonunulia mapazia. Dada asimfulie, beseni lake aje nalo. Jumapili akitaka daladala kwenda kanisani mwache apande, usimpakie kwa nguvu kwenye gari la mheshimiwa. Na mumeo aende mwenyewe kijijini kumwomba, asitume dereva, aende na mshenga kama alivyokuja kukuchumbia, maana ukimwita wewe mama anaona mwanangu anadeka, akiitwa na mkwe anajua kaheshimiwa. Mi naona hapo ndo mlipokosea.

Bibi Marian alifariki 31 Mei 2024, ana miaka 86, na wale wajukuu aliwaona mpaka wamekuwa wakubwa. Mama yangu mi nilikuwa nasubiri nimalize kujenga kwanza ndo nimlete, unajua ilivyoisha, nyumba nimehamia peke yangu.

Nambie mnaenda lini, nna doti ya kanga nimemwekea, mumpelekee.