Shangazi, damu ya baba hungoja

Shikamoo shangazi,

Siku ya arobaini ya mtoto wa kaka ulikuwa unapepeta mchele, ukasema wakwe wasikie: "Huyu ni wetu tangu dakika ya kwanza. Damu ya baba haingoji." Nilinyamaza, maana ungo ulikuwa mkononi mwako. Leo niko mbali, nakujibu.

Hungoja, shangazi. Mbegu ya kiume ikishaingia kwenye yai, jeni za baba hukaa karibu kimya, na za mama alizorithi mtoto vilevile. Kinachofanya kazi ni masurufu ambayo mama aliyapakia ndani ya yai tangu zamani: protini, pamoja na maagizo yaliyoandikwa kwa RNA, yaani nakala za jeni zake. Kwa binadamu, jeni za mtoto huamka hasa anapokuwa na seli 4 hadi 8, kama siku ya tatu hivi.

Wa kumtazama ni chura wa Afrika mwenye makucha. Yai lake ni kama punje ya ulezi, juu jeusi, chini jeupe. Linagawanyika kila nusu saa na halinenepi hata kidogo, seli ndizo zinazidi kuwa ndogo. Baada ya mara 12, zikifika kama 4,000, mwendo unapungua ghafla na jeni zinaanza kusomwa. Wanasayansi John Newport na Marc Kirschner walilieleza hilo mwaka 1982. Chura anajuaje kwamba muda umefika? Sehemu kubwa ya jibu ni hesabu ya kufuli. Mama ameweka kwenye yai protini za kufunga DNA, ule uzi unaobeba jeni, kiasi maalumu. Kila mgawanyiko milango, yaani DNA, inaongezeka maradufu, kufuli ni zilezile. Mwishowe milango inabaki wazi. Huku nyuma maagizo ya mama yanachanwachanwa, mengine na mtoto mwenyewe. (Shukrani ya punda, hiyo.)

Konokono wa majini ndio watakuudhi zaidi. Gamba kupinda kulia au kushoto huamuliwa na jeni za mama, si za konokono mwenyewe. Mama mwenye jeni za kushoto tupu akipandwa na mwenzake mwenye jeni za kulia tupu, watoto wote ni wa kushoto. Jeni ya baba inakuja kuonekana kwa wajukuu! Mwanasayansi wa urithi Alfred Sturtevant alilifafanua fumbo hilo mwaka 1923.

Pua ya mtoto sibishi, ni ya kaka kabisa. Nakuja Jumamosi. Ungo uweke mbali.