Kovu la gotini mwako

Mwanangu mpendwa,

Uliponipigia simu uliniuliza swali lililonishinda kulijibu papo hapo: "Mama, mbona mimi sijawahi kumwona Mungu akifanya kazi?" Tangu hapo nalala nalo, naamka nalo.

Litazame goti lako la kushoto. Kovu hilo ulilipata ukiwa na miaka 6, ulipoanguka ukachanika. Kila jioni nilikiosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu na kukifunga kitambaa safi, nawe unalia huku umenishika bega. Siku ya tatu palikuwa pamevimba, pamekuwa pekundu, nikaogopa. Siku ya tano nilipofungua kitambaa nikaona utando mwembamba wa ngozi mpya, wa rangi ya waridi, ukitambaa kutoka pembeni kuelekea katikati. Nilibaki nimepiga magoti, bakuli la maji mkononi, machozi yananitoka. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha na kufunga tu. Aliyekuwa akikiponya kidonda hakuwa mimi.

Baadaye nilisoma jinsi inavyokuwa. Mshipa ukipasuka, chembe ndogo za damu hukimbilia pale na kushikamana, kisha nyuzi nyembamba husukwa juu yake kama wavu, damu ikakoma. Chembe nyeupe nazo huja kupambana na vijidudu, na ule uvimbe ulionitisha ulikuwa dalili ya kazi yao. Wapo watakaokuambia kwamba ukishayajua hayo, Mungu hana nafasi tena. Mimi kuyajua kumenizidishia mshangao. Yote hayo yalifanyika usiku umelala fofofo, hukuyaomba wala hukuyajua.

Sitakuficha kitu. Bibi yako tulimwombea miezi mingi, na hakupona. Hilo silielewi mpaka leo, na siwapendi wanaolieleza upesi upesi. Ila namkumbuka yule jirani aliyekuja usiku baada ya usiku kumkesha ili nami nipate usingizi kidogo. Hatukumwita. Miaka ilipita ndipo nikatambua kwamba Mungu alikuwemo mle chumbani. Hata Yakobo wa kwenye Biblia, mpaka alipozinduka usingizini ndipo akakiri kwamba Bwana yupo mahali pale, naye hakujua. Nadhani wengi wetu humtambua hivyo, tukigeuka kutazama tulikotoka.

Moyo wako hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Ukishtuka mara moja tu, utaita "Mungu wangu!" Na mapigo mengine yote je, ni ya nani?

Usiku, kabla hujalala, ipitie siku yako taratibu, utafute kitu kimoja ulichopewa bila kukitolea jasho. Kimoja kinatosha. Zipo siku hutaona kitu, na hiyo si dhambi. Lala, kesho utatazama tena. Utakachokiona niandikie, mwanangu, hata kikiwa kidogo kama ule utando wa waridi.

Akupendaye,
Mama yako