Malalamiko kuhusu kipindi chenu cha malipo ya askari wa Ayalandi

Kwa Meneja wa Maudhui,
Kampuni ya Vipindi vya Historia kwa Sauti,
Dar es Salaam.

YAH: KIPINDI CHENU KUHUSU MALIMBIKIZO YA ASKARI NA MADENI YA VITA AYALANDI, KARNE YA 17

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa kulipia. Ada ya mwaka nililipa kwa simu kabla sijasikiliza hata sekunde moja, na juu yake nikaongeza ya mfululizo huu maalumu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mhasibu upande wa mishahara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa malimbikizo: nani anadai, anadai kiasi gani, ana kielelezo gani mkononi, na mwisho wa yote nani kachukua hela. Kwa hiyo mlipotangaza vipindi vya namna watawala wa Uingereza walivyomalizana na askari wao waliopigana Ayalandi, nilisema hiki ni changu.

Msimulizi wenu, kwa sauti nzuri kabisa, anasema hivi kuhusu Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge la Uingereza lililoiteka Ayalandi: "Cromwell aliwalipa askari wake wote kwa ardhi, kila mmoja akapata shamba lake, na deni la vita likafutika." Nimeirudia sehemu hiyo nikidhani masikio yananidanganya. Hayakunidanganya.

Kwanza, aliyeahidi ardhi hiyo si Cromwell. Uasi wa Wakatoliki ulizuka Ayalandi Oktoba 1641, na Machi 1642 Bunge la Uingereza, likiwa halina fedha za kuuzima, lilitunga sheria ya kukopa kwa wafanyabiashara na watu wenye akiba. Dhamana ilikuwa ekari milioni 2.5 za Ayalandi, ardhi ya waasi ambao walikuwa hata hawajashindwa. Bei iliandikwa ndani ya sheria, kwa kila moja ya majimbo manne ya Ayalandi: ekari 1,000 za Ulster kwa pauni 200, za Connacht pauni 300, za Munster 450, za Leinster 600. Wakopeshaji hao waliitwa Adventurers. Cromwell aliposhuka Ringsend, karibu na Dublin, tarehe 15 Agosti 1649, nchi ilikuwa imekwishawekwa rehani, na jeshi alilokuja nalo likawa mdai wa pili juu ya rehani ileile. Hili hamkuligusa kabisa, na bila hilo msikilizaji hawezi kuelewa kwa nini sheria ya Septemba 1653 ilizikata kaunti kumi katikati, zikiwemo Tipperary, Limerick, Waterford, Meath, Antrim na Down, nusu kwa Adventurers na nusu kwa askari. Serikali nayo ilijiwekea Dublin, Kildare, Carlow na Cork. Hapo ni wadai wawili na mali moja, na mwenye kugawa naye ana fungu lake.

Sasa nije kwenye "aliwalipa askari wake wote", maana hapa ndipo mhasibu ndani yangu aliposimama.

Askari hakupewa fedha wala shamba. Alipewa hati. Hesabu yake ilipigwa, miezi aliyotumika ikajumlishwa, akaandikiwa karatasi inayosema anaidai serikali kiasi fulani, kitakacholipwa kwa ardhi. Jeshi jipya la Bunge lilipoundwa 1645, askari wa miguu alihesabiwa peni 8 kwa siku. Pauni moja wakati ule ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12, yaani peni 240. Gawanyeni wenyewe: kila pauni iliyoandikwa kwenye hati ya askari wa miguu kwa kiwango hicho ilikuwa siku 30 za kutembea kwenye matope na kupigwa risasi.

William Petty, ambaye nyinyi mnamtaja kwa kupita tu kama "mpima ardhi mmoja", ameacha maandishi kwamba mwaka 1653 hati hizo ziliuzwa waziwazi kwa shilingi nne au tano kwa kila pauni. Shilingi nne ni peni 48. Shilingi tano ni peni 60. Kwa maneno mengine, mtu aliuza mwezi mzima wa jasho lake kwa ujira wa siku sita, akibahatika siku saba na nusu. Huyu ndiye mnayetuambia alilipwa.

Msiniambie hakulazimishwa kuuza. Nimewaona watumishi wakisubiri malimbikizo, najua kusubiri kunavyokula. Upimaji ulikuwa haujafanyika, kwa hiyo hati haikuonyesha shamba lolote mahali popote. Vikosi vilianza kuvunjwa kabla mgao haujakamilika. Askari alikuwa mgeni katika nchi iliyochomwa na kukumbwa na tauni, hana ng'ombe, hana mbegu, hana jembe, na anayemjua mwenye fedha taslimu ni afisa wake. Kwa hiyo akamuuzia afisa wake. Kapteni aliyejua ni kaunti ipi itagawiwa kikosi kipi akanunua hati za vijana wake, akaziunganisha, akaibuka na shamba la kutosha kuitwa bwana. Kwetu watu wa namna hiyo tunawaita walanguzi, na kipindi chenu chenye urefu wa karibu saa nzima hakina hata sentensi moja juu yao.

Na hata aliyeng'ang'ania hati yake hakujua atapata nini, kwa sababu mahali palipatikana kwa kura. Mwenye kudai pauni 10, kwa bei zile za sheria ya 1642, angehesabiwa ekari 50 akiangukia Ulster, na chini ya ekari 17 akiangukia Leinster. Deni ni lilelile. Ekari nazo kuna za malisho mazuri na kuna za majabali na vinamasi, na mzozo juu ya ipi ihesabiwe kuwa na faida uliendelea kwa miaka.

Wenye madai walikuwa zaidi ya 30,000. Waliokuja kuthibitishiwa ardhi chini ya Mfalme Charles II, baada ya utawala wa Cromwell kupita, hawakufika hata theluthi. "Kila mmoja akapata shamba lake" mmeitoa wapi?

Turudi kwa Petty, kwa sababu mmemdhulumu msikilizaji kwa kumpita. Alifika Ayalandi 1652 akiwa daktari wa jeshi. Upimaji uliokuwa ukifanywa na Benjamin Worsley ulikuwa ukikokota na umejaa makosa. Desemba 1654 Petty akatia saini mkataba wa kupima ardhi iliyonyang'anywa katika muda wa miezi 13, kwa pauni 7, shilingi 3 na peni 4 kwa kila ekari 1,000 zenye faida. Mbinu yake ningependa kila meneja wa mradi aisikie: hakuwangoja wapima waliosomea. Aliigawa kazi vipande vipande, akawafundisha askari wavumilivu kuburuta mnyororo na kuandika vipimo shambani, halafu wachoraji Dublin wakageuza namba kuwa ramani. Kazi ilikamilika, na ramani zake zinaheshimika hadi leo. Lakini mtu huyohuyo alinunua hati za madeni, akawa mmoja wa watu watatu waliokabidhiwa kugawa ardhi kwa jeshi, na mwishowe akawa na mashamba makubwa mno huko Kerry, upande wa Kenmare. Mwaka 1659 Sir Jerome Sankey alimshtaki Bungeni kwa rushwa na udanganyifu katika mgao. Petty alijitetea maisha yake yote na hakutiwa hatiani. Kwa maoni yangu alikuwa hodari zaidi kuliko alivyokuwa mwizi, ila ukaguzi wowote wa leo ungemuuliza inakuwaje mpimaji, mgawaji na mnunuzi wakawa mtu mmoja. Hadithi nzuri kama hii mnaiacha, mnatuwekea dakika nzima ya muziki wa filimbi!

Jingine limeniumiza kuliko hesabu. Mnaiita ardhi hiyo "iliyokuwa wazi". Ilikuwa wazi kwa nani? Vitabu vya upimaji vya wakati huo viliandika mwenye shamba alivyokuwa kabla ya vita, jina kwa jina, parokia kwa parokia. Ndiyo maana tunajua kwamba Wakatoliki waliokuwa wakimiliki takriban asilimia 59 ya ardhi mwaka 1641 walikuwa wamebaki na takriban asilimia 22 ilipofika 1688. Wamiliki waliamriwa wahamie Connacht na Clare, ng'ambo ya mto Shannon, kabla ya tarehe 1 Mei 1654. Wakulima wadogo na vibarua wengi waliachwa walipo, si kwa huruma, bali kwa sababu mabwana wapya walihitaji mtu wa kulima. Mishahara ya jeshi ililipwa na watu hao, na mmewafuta.

Halafu "deni la vita likafutika". Halikufutika. Charles II aliporudishwa kwenye kiti cha ufalme 1660 alikuta Wakatoliki wanaodai mashamba yao, askari wa Cromwell waliokwisha kukaa humo, na maafisa Waprotestanti waliomtumikia mfalme kabla ya Juni 1649, ambao malimbikizo yao hakuna aliyekuwa ameyagusa. Wote walipewa ahadi. Ormond, mwakilishi wa mfalme huko Ayalandi, alisema kwa kejeli kwamba itabidi igunduliwe Ayalandi nyingine, kwa kuwa hii iliyopo haitoshi kutimiza ahadi hizo. Sheria ya 1665 ikawataka askari na Adventurers watoe theluthi moja ya walichopata. Kwa hiyo hata yule askari mvumilivu aliyekataa bei ya ulanguzi na kupata shamba lake, miaka kumi na ushee baadaye alipunguziwa.

Kipindi cha pili, kile cha vita vya Mfalme William III huko Ayalandi mwishoni mwa karne hiyo, nitakigusa kidogo tu kwa sababu hasira zinaniishia. Mnasema Kampuni ya Hollow Sword Blades "iliwauzia askari mapanga". Ni kweli ilipata hati ya kuanzishwa 1691 kwa ajili ya kutengeneza panga. Lakini iliingia Ayalandi baada ya vita, ikiwa mikononi mwa wafanyabiashara wa fedha wa London, na haikuja kuuza panga. Askari waliokuwa wamepigana walidai tena, wakapewa hati tena, na hati zikashuka bei tena. Mwaka 1700 Bunge lilirudisha mashamba ambayo William alikuwa amewagawia vipenzi wake, likaamuru yauzwe, na mauzo yakafanyika Chichester House, Dublin. Kampuni ile ilikusanya hati za madeni ya jeshi kwa kuwapa wenye nazo hisa zake, ikazitumia kununulia ardhi karibu ekari 270,000. Baadaye ndiyo iliyokuwa benki ya Kampuni ya South Sea, na ikasimamisha malipo Septemba 1720 hisa za South Sea zilipoporomoka. Kampuni ya panga isiyofua panga, inayonunua mashamba kwa mishahara ya askari ambayo haikulipwa! Mngeisimulia hivyo, mngepata wateja wapya.

Niliandika kwa huduma yenu kwa wateja. Nikajibiwa kwamba maoni yangu yanathaminiwa. Nilipoandika tena nikaambiwa masimulizi "yamerahisishwa ili yaeleweke na kila mtu". Kurahisisha sikukatai. Mngeweza kusema "askari wengi walipewa karatasi, wakaiuza kwa bei ya kutupa, na ardhi ikaenda kwa wachache". Ni rahisi vilevile, na ni kweli. Mlichofanya ni kumwambia msikilizaji kinyume chake.

Ninachoomba ni hiki. Sehemu hiyo ya kipindi cha kwanza irekodiwe upya, na neno "wazi" kuhusu ardhi liondolewe. Maelezo ya Hollow Sword Blades yasahihishwe. Mpaka hapo, wekeni tangazo fupi mwanzoni mwa kila kipindi kuwajulisha wasikilizaji kwamba marekebisho yanafanyika, kwa kuwa najua vijana wa sekondari wanavisikiliza na kuvinakili kwenye kazi za darasani. Na ile nyongeza niliyolipa kwa ajili ya mfululizo huu maalumu nirudishiwe. Ada ya mwaka bakini nayo, vipindi vyenu vya bandari za zamani ni vizuri na sina ugomvi navyo.

Nategemea majibu ya maandishi ndani ya siku 14, yaliyoandikwa na mtu aliyekisikiliza kipindi. Na marejesho yaje kwa simu, kama nilivyolipa. Msinipe salio la kununulia vipindi vingine baadaye. Nadhani kwa yote niliyoandika hapo juu mtaelewa kwa nini sipokei.

Nimeambatisha risiti ya malipo pamoja na dakika za vipindi ninazozilalamikia.

Wenu,
Mteja wa kulipia, mhasibu mstaafu.