Mabingwa wa 1978 mliowaruka

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu mabingwa wa zamani wa futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi, niliisoma kwa furaha, kwani ni nadra mchezo ule kuandikwa kwa Kiswahili. Nilipofika mwisho nikarudi juu kulitafuta jina la Florida A&M. Sikuliona. Naomba nafasi niwasemee.

Florida A&M ni chuo cha watu weusi kilichoko Tallahassee, kilichoanzishwa mwaka 1887. Timu yake inaitwa Rattlers, jina la yule nyoka mwenye njuga mkiani. Kocha wake wa miaka mingi, Jake Gaither, alishinda michezo 203 na kufungwa 36 tu. Bob Hayes, aliyetwaa dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, alikuwa kijana wake. Vipaji vya namna hiyo vilijazana pale kwa sababu chungu: vyuo vikubwa vya weupe vya Kusini mwa Marekani havikuwataka weusi. Hata Chuo Kikuu cha Alabama, ambacho mwandishi wenu amekipa aya nzima, hakikuwa na mchezaji mweusi anayesomeshwa kwa ufadhili wa chuo mpaka 1970.

Milango ilipofunguliwa, wengi waliona vyuo vya weusi vimekwisha. Vijana bora waliokuwa wakienda Tallahassee bila kuulizwa sasa walifuatwa majumbani kwao na makocha wa vyuo vyenye viwanja vikubwa na fedha nyingi. Kisima kilikuwa kinakauka. Ndipo mwaka 1974 akaja Rudy Hubbard, kocha wa miaka 28 tu, aliyewahi kuchezea chuo kikubwa cha Ohio State na kisha kuwa msaidizi wa kocha palepale.

Mwaka 1977 vijana wake walimaliza msimu bila kufungwa. Mwaka uliofuata likaanzishwa daraja jipya, hatua moja chini ya lile la vyuo vikubwa kabisa, na bingwa wake akapatikana kwa mtoano wa timu nne. Nusu fainali Rattlers waliitoa Jackson State, chuo kingine cha weusi, 15 kwa 10. Mchezo huo unaniuma kidogo, maana ndugu wawili walikutanishwa mapema.

Fainali ilichezwa Desemba 16 huko Wichita Falls, Texas, dhidi ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Rattlers hawakutegemea pasi ndefu. Waliupenyeza mpira katikati ya ukuta wa wapinzani, yadi baada ya yadi, na mchezaji wao Mike Solomon peke yake alikimbia na mpira yadi 207. Matokeo yalikuwa 35 kwa 28, na Florida A&M wakawa mabingwa wa kwanza wa daraja lile. Msimu mzima walishinda michezo 12, wakafungwa mmoja.

Daraja lile halikuwa la juu kabisa, najua, na huenda ndiyo sababu mwandishi wenu aliwaruka. Lakini waliyoyafanya, wakati vijana wao wakichukuliwa na wenye nguvu, hakuna chuo kingine cha watu weusi kilichoyarudia katika daraja hilo. Hubbard mwenyewe aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya vyuo mwaka 2021, miaka 43 baada ya fainali ile.

Mkiuendeleza mfululizo huo, nawaomba mumpe Hubbard ukurasa wake.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga