Vimelea vya BCG havikupunguzwa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita uliandika kwamba BCG, chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga, ina "vimelea hai vilivyopunguzwa". Binti yangu aliusoma kwa sauti, akamtazama mwanawe wa siku tatu, akauliza: "Baba, kwa hiyo anapewa kifua kikuu kidogo?"

Mimi ni fundi wa antena hapa Morogoro na kupunguza ndiyo kazi yangu. Mteja anakaa karibu na mnara, picha inakatakata, naye kashanunua busta akidhani mawimbi hayamtoshi. Kumbe yamezidi, king'amuzi kinalemewa. Naing'oa busta, nafunga atenyueta, kidude cha chuma kama nusu ya kidole, chenye rizista zinazogeuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Ya desibeli 3 inabakiza nusu ya nguvu, ya 10 inabakiza sehemu moja ya kumi, ya 20 moja ya mia. Picha inatulia. (Wapo wanaoona nimewaibia, maana nimetoa kitu cha bei nikaweka cha bei chee.) Ila mawimbi ni yale yale. Ukiyakuza, nguvu inarudi.

Vya BCG sivyo. Wanasayansi Calmette na Guérin, kule Lille, Ufaransa, walianza mwaka 1908 na vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe, wakavipandikiza upya kila baada ya wiki chache kwenye viazi vilivyotiwa nyongo na glisarini. Mara 230, miaka 13! Vikabaki hai, lakini ule ukali wa kuleta ugonjwa ukavitoka. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921. Hapo hakuna idadi iliyopunguzwa. Hata ukivizalisha vikajaa chupa, vinabaki vinyonge. Kwa kuwa ni hai, mtoto mwenye upungufu mkubwa wa kinga hapewi, na hilo nalo mngeliandika.

Nadhani kosa limetoka kwenye Kiingereza, ambacho kwa atenyueta na kwa chanjo kinatumia neno moja, "attenuate". Sisi tunayo mawili, kupunguza na kudhoofisha. Andikeni "vilivyodhoofishwa".

Mjukuu amekwisha kuchomwa, begani. Mama yake hakuniamini mimi na atenyueta yangu mkononi. Ilibidi nesi amrudie yale yale.

Fundi wa antena,
Morogoro