Mdogo wangu, usijibu mialiko hiyo kabla hujaona karatasi ya alama

Mdogo wangu,

Mialiko uliyonitumia ya kuipeleka timu yako kwenye mashindano ya cheerleading (mchezo wa kunyanyuana, kurushana na sarakasi kwa muziki) nimeisoma: mmoja wa hapa Lubumbashi, wa pili wa Kolwezi, wa tatu wa Kinshasa. Yote mitatu ina picha ya kombe, na hakuna hata mmoja unaosema majaji watapima nini. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, omba karatasi ya alama. Mwandaaji akikujibu kwamba majaji wenyewe watajua, hilo ni tamasha. Tamasha lina faida yake, linawazoesha watoto macho ya watu, lakini usilipe pesa ya mashindano kwa ajili yake.

Karatasi ikifika, tafuta kwanza ugumu unapewa alama ngapi na usafi wa kazi ngapi. Kisha angalia wanavyohesabu wingi, maana hapo ndipo timu ndogo zinapojidanganya. Karatasi nyingi zinatoa alama za juu pale sehemu kubwa ya timu inapofanya kitu kimoja kwa pamoja. Binti mmoja anayepiga sarakasi ya kinyumenyume vizuri sana hatawavusha ikiwa wengine 15 wamesimama wakimtazama.

Juu ya kiwango cha kujiandikisha, nitasema kwa ukali kidogo: usipime timu kwa mchezaji wako bora. Kwenye mfumo wa klabu uliotoka Marekani kuna viwango 1 hadi 7. Cha 1 hakina kurusha mtu hewani, na anayenyanyuliwa akisimama kwa miguu miwili anaishia usawa wa mabega ya wenzake. Cha 2 kinaruhusu miguu miwili juu ya mikono iliyonyooka, lakini kusimama kwa mguu mmoja kunabaki usawa wa mabega. Kusimama kwa mguu mmoja juu kabisa kunaanzia cha 3. Chukua kundi lako dhaifu kuliko yote, uone linafanya nini bila kutetemeka. Hicho ndicho kiwango chenu mwaka huu. Kwangu mimi kipimo ni onyesho zima, muziki ukilia, siku tatu tofauti, bila mtu kudondoka. Timu iliyojiandikisha juu ya uwezo wake inapoteza mara mbili: inakatwa alama kwa kuanguka, na usafi nao unashuka kwa sababu wale wa chini wanakazana kumdaka mtu badala ya kupanga mikono.

Uliza pia ni timu ngapi zimejiandikisha kwenye kundi lenu la umri na kiwango. Mkiwa peke yenu mtarudi na nafasi ya kwanza isiyowafundisha kitu.

Sasa sakafu. Mkeka wa kawaida ni vipande 9, kila kimoja kina upana wa mita 1.83 na urefu wa mita 12.8, na vyote vikiunganishwa vinafika karibu mita 16.5 kwa 12.8. Chukua chokaa na kamba, uchore mistari 10 kwenye uwanja wenu wa mazoezi upate vipande hivyo 9. Angalia vizuri katikati: haiko kwenye mstari, iko ndani ya kipande cha tano. Timu iliyozoea kujipanga juu ya mstari wa kati ikifika kwenye mkeka wa kweli inahama nusu kipande upande mmoja, na jaji aliyekaa juu anaona piramidi, yaani makundi yaliyonyanyuana na kuungana, imekwenda kombo. Timu iliyofanyia mazoezi kwenye ua mdogo nayo inajirundika katikati, kingo zinabaki tupu.

Halafu uliza kama chini ya mkeka kuna springi. Mtoto aliyejifunza kwenye mkeka usio na springi akipanda kwenye springi anarushwa juu kuliko alivyozoea, anazunguka kupita kiasi na kutua kwa mgongo. Wakikujibu kwamba hakuna mkeka, ni sementi tupu, ondoa sarakasi ngumu na urushaji wote, au ukatae. Hata sheria za shule za sekondari za Marekani haziruhusu kurusha mtu kwa mtindo wa kikapu, yaani kutoka kwenye mikono iliyofungamana, juu ya sakafu ngumu.

Muda nao unabadilisha hesabu. Onyesho la dakika 2:30, muziki ukiwa na mapigo 144 kwa dakika, ni nane 45, yaani makundi 45 ya mapigo manane. Mwandaaji akitoa dakika 1:30 zinabaki nane 27, na hapo huwezi kukata mwisho tu. Piramidi itakuja watoto wakiwa hawajapata pa kupumulia. Kama kanuni hiyo ni ya mara moja tu, mimi singeivunja kazi ya miezi kwa ajili yake.

Kwa timu changa, mashindano matatu kwa mwaka yanatosha, yakiachana wiki sita hivi. Kurekebisha yale majaji waliyoandika kunachukua wiki tatu nzuri. Epuka Juni na mwanzo wa Julai: wanaomaliza sekondari wako kwenye mtihani wa taifa, na asubuhi zetu za kiangazi zina baridi inayokaza misuli.

Kundi la kunyanyua ni wanne: wawili wa chini, mmoja wa nyuma, na anayepanda. Mmoja akiamka na malaria, kundi zima limeondoka. Kwa hiyo bajeti ya watoto 16 iandike kwa 18, akiba mmoja wa chini na mwingine mwepesi wa kupanda. Kwa Kinshasa weka tiketi za ndege, vyeti vya kuzaliwa, ruhusa za wazazi na siku nzima ya kuzoea joto, maana jasho linafanya vifundo vya miguu viteleze mikononi. Na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ratiba isomwe kwa saa ya kule.

Mimi ningeanza na ya hapa mjini kama mazoezi, kisha Kolwezi, umbali wa kilomita 300 hivi kwa barabara, iwapo watatuma karatasi na picha ya mkeka. Kinshasa ingoje mwaka kesho. Waandikie wa Kolwezi leo, na usitume pesa ya kujiandikisha kabla hawajajibu kama inarudishwa tarehe ikibadilika.