Waata, ndovu na leseni: barua kwa swahiba wa Kilwa

Kwako swahiba,

Salamu zako zimefika. Huku sote tu wazima, alhamdulillahi. Sasa tuingie kwenye ugomvi wetu.

Unashikilia kwamba kilichovuruga maisha ya watu enzi za Mwingereza ni kodi ya kibanda: mtu anadaiwa rupia asizokuwa nazo, hana budi kwenda kuvunja mgongo kwenye shamba la mzungu. Kwa wakulima nakukubalia. Lakini wafikirie Waata, wale ambao majirani waliwaita Waliangulu, wenyeji wa nyika kavu iliyo nyuma ya Malindi hadi Tsavo. Walikula nyama na asali. Pembe za ndovu waliwauzia Wagiriama, nao Wagiriama wakaziteremsha pwani. Mtu wa namna hiyo rupia asingezikosa, pembe ni mali. Kilichomkata miguu ni sheria iliyomwambia kuwa kazi ya babu yake ni kosa la jinai.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kuuvuta upinde wao kulitaka nguvu ya kuinua kilo 45 na zaidi, wewe ukipewa upinde huo leo hutauvuta. Sumu waliipata kwa kuchemsha mti fulani mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami. Waliipaka kwenye chembe ya mshale, kisha wakaizungushia ukanda mwembamba wa ngozi isikauke wala isimchanje mwenyewe. Mwindaji alinyemelea karibu mno, akapiga ubavuni, sumu ikausimamisha moyo wa mnyama. Kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe, asije mtu akagombea pembe.

Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London kupatana juu ya wanyama wa Afrika, bila Mwafrika mezani. Zikaja leseni: mwenye fedha na bunduki akapewa ruhusa, mwenye upinde akawa jangili. Mwaka 1909 akatua Mombasa Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Katika safari yao, hadi walipotokea Sudan, wawili hao waliua wanyama 512, wakiwamo ndovu 11. Utaniambia walikuwa wakilikusanyia jumba la makumbusho. Haya, na Mwata alikuwa akiwakusanyia watoto wake.

Biashara haikufa, ilijificha. Kwa miaka mingi sheria ilibaki karatasini, maana nani angemfuata Mwata nyikani akamkuta? Mambo yalibadilika mwaka 1948, Tsavo ilipofanywa mbuga ya taifa, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kisha 1956 na 1957 askari wa mbuga wakishirikiana na polisi waliwasaka, na wawindaji hodari wengi wakaishia jela. Mwaka 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana, ili Waata wavune ndovu kwa idhini ya serikali. Wazo halikuwa baya, ila sasa walikuwa vibarua mahali ambapo baba zao hawakuwa na bosi.

Kinachonichoma zaidi ni kilichofuata. Ndovu wa Tsavo walizidi, wakaiangusha miti, na ukame wa 1970 na 1971 ukawaua kwa maelfu kwa njaa. Waliokuwa wakiijua nyika ile kuliko yeyote hakuna aliyewauliza kitu. Wala uhuru haukuwarudishia chochote: mwaka 1977 serikali yetu wenyewe ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Sisemi leo wapewe pinde, ndovu waliosalia hawahimili tena. Nasema tu usinitajie kodi peke yake.

Huko kwenu najua Mjerumani aliwalazimisha watu pamba, na Majimaji ya 1905 yakaanzia hapo hapo Umatumbi. Lakini kumbuka Wissmann, gavana wa Kijerumani, alikwisha kutoa amri ya uwindaji tangu 1896. Wawindaji wenu walifanyaje baada ya amri ile? Waulize wazee kabla hujanijibu, na safari hii usiniletee habari za kodi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Swahiba wa Malindi